Mashoka ya zamani na mipini mipya

Leo tunazungumzia chombo ambacho kila mmoja wetu anakijua, lakini ni wachache wanaokitafakari: shoka. Na hasa tunalizungumzia shoka kuukuu, lililooza mpini na kuliwa na kutu, na jinsi lilivyorudishwa kazini katika nchi ambayo mtu angedhani haina tena haja nalo, yaani Marekani.

Wamarekani wana kichekesho cha tangu zamani. Mtu mmoja hujigamba kwamba anamiliki shoka lile lile la George Washington, rais wao wa kwanza. Akiulizwa limewezaje kudumu zaidi ya miaka 200, hujibu kwamba limetunzwa vizuri: limebadilishwa mpini mara tatu tu, na chuma mara mbili. Ikumbukwe kwamba hata kile kisa cha Washington mtoto, aliyekata mcheri wa baba yake kwa kishoka kisha akakiri kosa, ni cha kubuni. Kiliingizwa katika kitabu cha maisha yake na mwandishi Mason Locke Weems mwaka 1806, miaka 7 baada ya Washington kufariki dunia.

Hata hivyo kichekesho hicho kina ukweli ndani yake. Mpini ni kitu cha kupita. Hulegea, huvunjika, huoza. Chuma, kikiwa chema na kikitunzwa, chaweza kuiona mipini kumi ikija na kwenda. Hivyo basi shoka halidumu kwa sababu ya chuma chake peke yake, bali kwa sababu katika kila kizazi yupo mtu anayejua kulitia mpini. Na huko Marekani mtu huyo alikaribia kutoweka katika muda wa kizazi kimoja tu.

Kabla ya kuendelea, yafaa nieleze tofauti moja ambayo wengi wetu tumeiona kwa macho bila kuizingatia. Shoka la mhunzi wa Afrika Mashariki, lile la jadi, lina ubapa wenye mkia mwembamba. Mpini wake una kichwa kinene mfano wa rungu. Kichwa hicho hutobolewa kwa chuma cha moto, na mkia wa shoka ukapenyezwa humo. Kila pigo linapoangukia mti, mkia huzidi kujikaza. Ukitaka kunoa, unauchomoa ubapa. Ukitaka kuchonga badala ya kukata, unaugeuza ukakaa kama tezo. Kwa maneno mengine, katika shoka la namna hiyo chuma huingia ndani ya mti.

Shoka la Ulaya, na baadaye la Marekani, ni kinyume chake. Chuma ndicho chenye tundu, na mti ndio unaoingia ndani ya chuma. Faida yake ni kwamba chuma kinaweza kuwa kizito na mpini ukawa mwembamba na mrefu. Hasara yake ni kwamba kila mkono unapoinuka na kushuka, uzito wa chuma unataka kuruka na kuuacha mpini nyuma. Hatari hiyo imejulikana tangu kale. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 19, inamtaja mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata miti, chuma cha shoka kikachomoka katika mpini na kumuua mwenzake. Sheria ikamruhusu mtu huyo akimbilie mji wa makimbilio, kwa kuwa hakuua kwa kukusudia. Nadhani yeyote aliyewahi kupasua kuni kwa shoka lenye mpini uliolegea anaielewa sheria hiyo bila ya kufafanuliwa.

Walowezi waliotoka Ulaya walifika Amerika Kaskazini na mashoka ya kwao, yenye ubapa mrefu na mwembamba, na upande wa nyuma wa tundu haukuwa na chuma cha kutosha. Shoka la namna hiyo huyumba mkononi. Katika karne ya 18 wahunzi wa huko Amerika wakaongeza chuma nyuma ya tundu, sehemu ambayo tunaweza kuiita kisogo cha shoka. Kisogo kikasawazisha uzito wa ubapa, na pigo likanyooka. Hapo ndipo lilipozaliwa shoka la Marekani, na kwa shoka hilo ilikatwa misitu ya Maine, kisha ya Michigan na Minnesota, hadi kufikia pwani ya bahari ya Pasifiki. Uharibifu uliofanyika ni sehemu ya historia hiyo, na wala si sehemu ndogo.

Mwanzoni kila shoka lilifuliwa na mhunzi wa kijijini, naye mnunuzi aliuziwa likiwa halina makali. Ilimpasa alinoe mwenyewe. Mwaka 1826, katika jimbo la Connecticut, kando ya mto Farmington, Samuel Collins, ndugu yake David na binamu yao William Wells walianzisha kampuni iliyokusudia kuuza mashoka yaliyokwisha nolewa, tayari kwa kazi. Mahali hapo pakaja kuitwa Collinsville. Mwaka 1832 akaajiriwa fundi aitwaye Elisha Root, ambaye alibuni mashine za kufulia mashoka na kutoboa matundu yake, kazi ambayo hapo kabla ilitegemea mikono mitupu. Kutokana na ubunifu huo Root alichukuliwa mwaka 1849 na Samuel Colt, yule mtengenezaji wa bastola, na baadaye akaja kuwa rais wa kampuni ya Colt.

Mashine hazikuondoa mateso yote. Mashoka yalinolewa kwenye mawe makubwa ya cherehe, na vumbi la mawe hayo liliingia katika mapafu ya wanoaji. Wengi wao walikufa wakiwa bado vijana. Chapa ya Collins, mkono ulioshika nyundo ukitokeza juu ya taji, pamoja na neno la Kilatini Legitimus, iligongwa juu ya chuma kilichogharimu maisha ya watu. Mtu anayelisafisha leo shoka kuukuu na kuiona chapa hiyo ikijitokeza chini ya kutu hana budi kulijua hilo pia.

Collinsville ina kisa kingine ambacho siwezi kukipita. Mwaka 1857 John Brown, mpinzani mkali wa utumwa, alimwendea fundi mmoja wa kiwanda hicho, Charles Blair, akamwagiza amtengenezee mikuki 1,000. Iliyomfikia ilikuwa takriban 950, yenye mipini ya mti uitwao ash. Brown alikusudia kuwapa watumwa mikuki hiyo watakapoasi. Mwezi Oktoba mwaka 1859 alilivamia ghala la silaha la Harpers Ferry huko Virginia, akashindwa, na tarehe 2 Desemba mwaka huo akanyongwa. Mwaka mmoja na nusu hivi baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza.

Sasa tuje kwenye mpini wenyewe, kwani hapo ndipo ulipo moyo wa jambo hili.

Waingereza walipenda mti wa ash, na walowezi wao pia. Lakini katika misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini walikuta mti mwingine, hikori, jamaa ya miti ya jozi. Hikori ni mgumu, mzito, na juu ya hayo yote unapinda bila kukatika na kunyonya mtikiso wa pigo usimfikie mkataji kwenye viwiko. Katika karne ya 19 mpini wa shoka, ambao hapo zamani ulikuwa fimbo iliyonyooka, ulianza kuchongwa kwa mpindo mwororo, na mwisho wake ukatengenezwa mfano wa kwato za mtoto wa paa ili mkono usiteleze. Mashoka yenye makali pande mbili yalibaki na mipini iliyonyooka, kwa sababu iliyo wazi: shoka hilo hugeuzwa, na mpini uliopinda ungefaa kwa upande mmoja tu.

Wanunuzi walishika imani kwamba mpini mweupe, uliochongwa kutoka sehemu ya nje ya gogo, ndio bora, na kwamba mwekundu uliotoka kwenye kiini ni dhaifu. Mipini myekundu ikauzwa kwa bei ya chini au ikatupwa. Naam, hata mipini ilibaguliwa kwa rangi. Idara ya Misitu ya Marekani ililichunguza suala hilo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1910 yalionyesha kwamba rangi haina uhusiano na nguvu. Mbao mbili zenye uzito sawa zina nguvu sawa, iwe nyeupe au nyekundu. Lakini mazoea yana mizizi mirefu, na hadi leo wako watu wanaochagua mpini kwa weupe wake huku wakisahau kutazama mwelekeo wa nyuzi.

Mwelekeo wa nyuzi ndio siri. Ukiutazama mwisho wa mpini utaona mistari ya umri wa mti. Mistari hiyo inapaswa kwenda sambamba na ubapa wa shoka, kutoka kwenye makali kwenda kwenye kisogo. Tena ukiutazama mpini kwa urefu wake, nyuzi zinapaswa kuufuata kutoka juu hadi chini. Zikitokea ubavuni katikati ya mpini, basi hapo ndipo utakapovunjika, na utavunjika siku ambayo mtu ametia nguvu zake zote.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ilikuja misumeno ya injini, na katika miaka ya 1950 ikawa myepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja. Shoka likashuka cheo. Viwanda vilipoona wanunuzi wakuu si wakata magogo tena bali ni watu wa mjini wanaochanja kuni mara chache kwa mwaka, uangalifu ukapungua: mashavu ya shoka yakaachwa manene, mipini ikawa minene na kupakwa vanishi, na nyuzi za mti hazikuangaliwa sana. Collinsville ilipigwa na mafuriko makubwa mwaka 1955, na mwaka 1966 kampuni ya Collins ikafunga milango yake baada ya miaka 140.

Miaka miwili tu kabla ya kiwanda hicho kufungwa, lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelihusisha na mashoka. Tarehe 3 Septemba mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kuyahifadhi mapori ya asili. Mwandishi wake mkuu, Howard Zahniser, aliyeipigania tangu mswada wa kwanza mwaka 1956, alikuwa amefariki miezi minne iliyotangulia. Sheria hiyo ilitenga ekari milioni 9.1 ambamo binadamu angekuwa mgeni wa kupita; leo eneo hilo limezidi ekari milioni 111. Na pamoja na kukataza barabara na magari, sheria ilikataza pia matumizi ya vyombo vya injini, isipokuwa kwa dharura na mahitaji machache yaliyotajwa.

Fikiria basi maana yake, msikilizaji. Kila majira ya baridi yanapokwisha, miti iliyoangushwa na theluji na upepo hulala juu ya njia za milimani. Wafanyakazi wa Idara ya Misitu wanapaswa kuzifungua njia hizo, nao hawaruhusiwi kuwasha msumeno wa injini. Ilibidi wafanye kazi kama walivyofanya babu zao, kwa shoka na msumeno wa watu wawili, mizigo ikibebwa na nyumbu. Lakini babu zao walikuwa wanastaafu, na vyombo vizuri vya kazi hiyo havikuwa vikitengenezwa tena. Vilibaki katika maghala ya idara, katika mabanda ya wakulima na katika masoko ya vitu vikuukuu, vikiwa vimeliwa na kutu. Sheria iliyokusudiwa kuyalinda mapori ikawa, bila ya kukusudia, imelifufua shoka.

Na kulifufua shoka si kazi ya pupa. Kwanza mpini uliokufa hukatwa chini ya chuma, na kipande kilichobaki ndani ya tundu hutobolewa kwa keekee na kusukumwa nje. Watu wa zamani walikuwa na njia nyingine: waliyafukia makali katika udongo wenye unyevu, kisha wakawasha moto juu ya tundu mpaka mti ukaungua. Udongo ule ulikuwa na sababu yake. Makali ya shoka yametiwa matiko, yaani ule ugumu ambao mhunzi huupatia chuma kwa moto na maji, na joto likiyafikia ugumu huo huondoka. Ni kwa sababu hiyo hiyo fundi anayejua kazi hatumii mashine ya umeme kunolea. Cheche zinapendeza machoni, lakini chuma kikishageuka rangi kuwa buluu, makali yamekwisha kuharibika, na mashoka mengi mazuri yameuawa kwa namna hiyo na watu wenye nia njema.

Kutu hulainishwa kwa kukilaza chuma ndani ya siki na kusuguliwa kwa brashi ya waya. Baadaye shoka hubanwa kwenye jiliwa na kunolewa kwa tupa, polepole, huku mashavu yakipunguzwa unene, na mwisho kinoo hutumika kumalizia. Mng'aro si lengo. Ule weusi wa miaka mingi uliokaa juu ya chuma haudhuru kitu, tena husaidia kuzuia kutu mpya.

Kisha huja mpini. Tundu la shoka zuri si bomba lililonyooka. Limepanuka chini na juu, na katikati lina kiuno chembamba. Mpini huchongwa kidogo kidogo, hujaribiwa, hutolewa, huchongwa tena pale unaposuguana, hadi utakapojaa kiunoni. Ukisha kukaa, fundi hauweki shoka chini na kuligonga. Huushika mpini mkononi, chuma kikining'inia chini hewani, na kuupiga mwisho wa mpini kwa nyundo ya mti. Anayeliona kwa mara ya kwanza hutarajia chuma kianguke. La hasha! Chuma kinapanda. Kwa kuwa ni kizito hubaki pale kilipo, huku mti ukishuka na kupenya ndani yake. Halafu kabari ya mti hupigwa juu, katika mfereji uliokatwa tayari, nayo hulipanua ua la mpini juu ya kiuno. Hapo ndipo lilipo jibu la tatizo lile la Kumbukumbu la Torati: mti ukiwa umebana chini ya kiuno na kutanuka juu yake, chuma hakina pa kwenda.

Kabla ya kabari, fundi hulitazama shoka kwa jicho moja kutoka mwisho wa mpini kuona kama makali yamesimama katikati. Likipinda kidogo tu, huchomoa na kuanza upya. Mwisho kabisa mpini hupakwa mafuta ya kitani, wala si vanishi, kwani vanishi huutia mkono malengelenge.

Mti wenyewe sharti uwe mkavu kabisa. Mpini mbichi hukauka baadaye na kusinyaa ndani ya tundu. Dawa inayotumiwa na wengi, huko Marekani na kwetu pia, ni kulilaza shoka lililolegea ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi linakuwa limekaza, na mwenyewe hufurahi. Lakini mti uliovimba ndani ya chuma hujiponda wenyewe, na ukikauka hulegea zaidi ya mwanzo.

Mambo haya yote yalikuwa ndani ya mikono ya wazee wachache mpaka mwaka 1999, wakati Idara ya Misitu, kupitia kituo chake cha ufundi huko Missoula, Montana, ilipochapisha mwongozo uliotungwa na Bernie Weisgerber uitwao "An Ax to Grind", ambao uliambatana na filamu ya mafunzo. Ni kijitabu cha serikali, kisicho na madaha, chenye picha za mashavu ya mashoka na mipini iliyopasuliwa katikati. Kimesomwa na watu wengi ambao hawatawahi kukanyaga pori la Montana.

Kazi hiyo inanikumbusha jambo lililofanyika kwetu. Mwaka 1976, huko Buhaya, kaskazini magharibi mwa Tanzania, mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee walioijua kazi ya kuyeyusha chuma waijenge upya tanuri waliyoiacha tangu chuma cha bei nafuu kutoka Ulaya kilipoingia nchini. Wazee wakafinyanga mivukuto, wakachoma mkaa, wakafanikiwa kupata chuma. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mababu wa eneo hilo walikwisha kuimudu feleji kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wazee wale wangekufa bila kuulizwa, tungebaki na vipande vya tanuri tu ardhini, bila mtu wa kutueleza vilitumikaje.

Majengo ya Collins yangali yamesimama kando ya mto Farmington, na katika mojawapo ya nyumba zake za zamani kuna jumba la makumbusho linaloonyesha vyombo vilivyotoka kiwandani hapo. Mashoka yaliyo katika makabati ya vioo hayatatiwa tena mpini. Mengine yenye chapa ile ile ya mkono na nyundo, kila majira ya joto, hufungwa juu ya migongo ya nyumbu na kupandishwa milimani, yakiwa na hikori mpya ndani ya tundu la zaidi ya miaka mia moja.